Kadi ya Kliniki ya Tumu

Tangu karatasi zipigwe marufuku, kila kaya ilitakiwa kuzikabidhi zikasagwe, na taarifa zilizomo zihamishiwe kwenye mfumo wa kompyuta. Afisa wa mtaa alipofika kwa Bi Nasra, aliikuta kadi ya kliniki ya Tumu, bintiye aliyefariki akiwa na miezi saba. Mstari wa uzito wake ulichorwa na nesi kwa kalamu ya bluu.

“Mama, mfumo unasajili walio hai tu.”

“Basi niachie kadi.”

“Hairuhusiwi, mama yangu.”

“Kijana, huyu nilimzaa au nilimwota?”

Afisa akatazama kishikwambi. “Hapa inasomeka hujawahi kuzaa.”

Nasra aliichana kadi, akavitia vipande kinywani, akavitafuna huku amemkazia macho. Afisa alisubiri ameze, kisha akaandika kwamba nyumba ile haina karatasi.