Koti la Risasi

Mpiga eksirei alitapika kwenye karai kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, akafuta mdomo, kisha akalivaa tena koti la risasi, ile metali nzito ya kuzuia mionzi.

Lilinuka mkojo wa paka. Harufu ya kukaba koo, ambayo tangu mwezi uliopita ilimfuata hadi kwenye nywele.

"Si ulivue tu, dada," alisema mkuu wa kitengo, akichokonoa meno kwa kona ya bahasha ya mgonjwa. "Mionzi yenyewe kiduchu."

Kiduchu! Yeye si hujificha nyuma ya ukuta? Anayewashika watoto wasitikisike mbele ya mashine ni nani? Watoto kumi na tano kwa siku, kiduchu mara kumi na tano, naye ana mimba ya miezi minne. Akamtazama mkuu akiilamba ile kona ya bahasha, kinyaa kikampanda upya. Bila shaka ndiye aliyelibwaga koti stoo, paka wakaligeuza choo.

Heri mumewe, fundi wa betri za magari, mikono myeusi kwa kuyeyusha risasi lakini moyo msafi. Mshono ulipofumuka mwezi uliopita alilibeba koti hadi karakana yake, akalishona mwenyewe Jumapili nzima. Likarudi jepesi, mgongo wa mkewe ukapumua.

"Nimepunguza vitambaa vya ndani tu," alisema, akampapasa tumbo. "Usilivue hata dakika moja, mama kijacho."

Na msikivu pia! Hata lile zulia la mlangoni, ambalo mkewe alilipigia kelele mwaka mzima, wiki hiyohiyo alilitoa bila kubishana.

Mchana uvumilivu ulimwishia. Akalitandika koti sakafuni, akachukua mkasi. Atatoa risasi, atafua kitambaa, atamrudishia mume wake alishone.

"Ukiliharibu utalilipa," mkuu alisema mlangoni, ameziba pua.

"Wewe na paka wako mtalilipa!"

Akafumua mshono, akaingiza mkono. Kulikuwa na unyevunyevu na manyoya. Akavuta kipande chekundu, kisha cha pili, vimekatwa kwa ustadi vikatoshea kifuani na tumboni. Akapapasa hadi kwenye pindo. Hapakuwa na risasi hata chembe.

Kipande cha mwisho kilikuwa na maandishi aliyoyafagia kila asubuhi kwa mwaka mzima: KARIBU NYUMBANI.