Wati Mia Tatu

Mume wangu alifumba macho nilipobonyeza kitufe, kama mtoto anayesubiri sindano.

Tangu aifungie kompyuta yake kadi mpya ya picha, ilikuwa ikizimika kila alipoanza kuitoa video ya harusi ya mteja aliyokwisha kuihariri. Bibi harusi alikuwa anaitaka jioni hiyo hiyo. Mwenzangu alishaamini mashine imekufa, na riziki yetu imekufa nayo.

Mdogo wangu, fundi wa kompyuta, alipoifungua alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji! Pawa saplai ya kulisha mashine nzima umeme ni ya wati mia tatu? Kadi peke yake inakula mia mbili na zaidi, prosesa nayo inataka mia na ushee. Umeoa mke wa pili kwa mshahara ule ule!"

Nikakohoa.

"Si ilikuwa inawaka?" mume wangu akajitetea.

"Inawaka ikikaa bure. Ikipewa kazi, inazirai."

"Kama mwenyewe," nikasema.

Mdogo wangu akafunga ya wati mia sita na hamsini, ili mashine isifanye kazi roho juu.

Sasa feni ikaanza kuzunguka, na vumbi lililoganda kwenye ubawa mmoja likaruka. Mashine ilipowaka nikaianzisha video itoke, na mstari wa kijani ukatambaa kwenye skrini hadi robo, pale pale mashine ilipokuwa ikizimikia. Ukapita robo, ukaisogelea nusu, feni ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Fumbua macho, baba," nikamwambia.

Akafumbua moja.