Mtini wa Baba

"Gusa hilo tawi uone!"

"Nitaligusa. Nitaligusa, nitalikata, na wewe nitakupakia juu ya kuni zake."

"Njoo basi. Njoo, kaka, kama kweli mwanaume."

Kaka mkubwa hakuja. Alibaki anamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa kajibana mgongo kwenye mtini huko nyuma ya nyumba, panga mkononi, jasho linamtiririka kama katoka kubeba magunia. Pembeni, fundi wa msumeno alikuwa kakalia ndoo aliyoigeuza, mashine yake magotini.

"Mabosi," fundi akasema, "mkitaka kuchinjana mniambie mapema nijiondokee. Mimi nimeitwa kukata mti, sikuitwa kutoa ushahidi."



Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kaka anataka kujenga vibanda vya biashara huku nyuma. Mtini umekaa katikati ya kiwanja, mizizi yake imeshaanza kuinua ukuta. Basi mtini uondoke, na chumba cha baba pale pembeni kivunjwe. Mdogo hataki. Chumba wavunje wakitaka, hana neno. Mti, hapana.

"Baba aliupanda kwa mkono wake," mdogo alisema. "Ulikuwa kijiti tu, kafika nacho kakiviringisha kwenye kitambaa kibichi. Leo hii baba angekuwa amesimama hapa, ungethubutu kuleta msumeno?"

"Baba hajasimama hapa."

"Ndiyo maana nimesimama mimi!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Nani atanisikia?"

Mdogo akalikaza panga mkononi. Huyu anajua nini kuhusu mtini? Anajua kula. Hajui kwamba tini ukiichuma mbichi ndiyo basi tena, haitaiva, itakaa mezani mpaka ioze. Hajui kwamba ukikata tawi linatoa maziwa meupe, na hayo maziwa yakikugusa ukakaa juani, ngozi inababuka. Mdogo anajua. Mikono yake yote ina mabaka.

Tangu juzi, dada yao alipopanda basi kwenda kwa wakwe na kuwaachia nyumba, yeye ndiye aliyeamka alfajiri. Kapogoa matawi makavu. Kamwaga majivu kuzunguka shina ili sisimizi wasipande. Kachukua shuka la baba, lile zito, kalitandaza upande wenye matunda ndege wasidonoe. Na leo, kwa vile jua limeamka na hasira zake, kaupa mti maji ndoo mbili, taratibu, anamimina kidogo, anangoja udongo unywe, anamimina tena.

"Wewe toka dada aondoke umefanya nini humu?" akauliza. "Sema mbele ya fundi! Umeshika nini?"

"Mimi nina kazi. Natoka asubuhi, narudi usiku. Nilijua wewe upo."

"Nipo, ndiyo! Na nimefanya ya kwangu na ya kwako. Hebu tazama haya majani. Kuna hata moja limenyauka? Sema, lipo?"

"Unaubembeleza mti kama mtoto mchanga," kaka akasema. "Wenzako umri huo wana wake, wewe una gogo."

"Bora gogo. Gogo halimsahau aliyelilea."

Fundi akajikuna kidevu. "Majani kweli yanang'aa," akakubali. "Ila mabosi, na mimi nina watoto wa kulisha. Nikate au nisikate?"

"Kata," kaka akasema.

Fundi akainuka, akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikaunguruma, moshi ukatanda uwanja mzima. Mdogo akapandisha panga juu ya kichwa. Hakuwa anatania na kaka aliliona hilo, akarudi nyuma hatua moja, halafu akakunja ngumi akaja mbele.

Ghafla mashine ikazimwa.

Fundi alikuwa hawatazami wao. Alikuwa anatazama nyuma yao, mdomo wazi.

"Jamani," akasema polepole. "Huyu mzee katokea wapi?"

Wakageuka.

Kwenye mlango wa kile chumba cha pembeni alisimama baba yao, kifua wazi, mikono yote miwili imeng'ang'ania ukuta, magoti yanamcheza. Midomo ilikuwa imempasuka. Alivyofika pale kutoka kitandani anajua mwenyewe. Aliwatazama wanawe mmoja mmoja, kisha akautazama mti, na udongo mweusi uliolowa chini yake.

Panga likashuka lenyewe.

"Baba," mdogo akasema. "Mimi nilijua kaka..."

"Nilidhani yeye ndiye..." kaka akasema.

"Endeleeni kugawana, sikuja kuwakatiza," mzee akasema kwa sauti kavu. "Nauliza tu, dada yenu anarudi lini? Maji aliyoniachia yaliisha jana."

Hakungoja jibu. Akageuka, akaanza kurudi ndani, anapapasa ukuta.