Kichwa cha Mjane

Awadhi aliteremka Kwedizinga na sanda kwenye begi, na mgonjwa mwenyewe alikuwa bado anakunywa uji.

"Pole, shemeji," alisema akiwa mlangoni. Nyuma yake dada yake Munira alishaanza kulipima godoro kwa macho.

Mwaija alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, macho ameyafumba. Alikuwa mjane wa kaka yao, na alikuwa anaishi na virusi vya Ukimwi. Hilo hakuwahi kumficha mtu. Simu aliyowapigia Mazinde ilikuwa fupi: kichwa kinapasuka, njooni.

Hawakuuliza kilianzaje. Awadhi, ambaye udaktari wake wote aliusomea kwenye kijiwe cha kahawa, aliwaeleza majirani kwamba mtu wa dawa za virusi akiugua tumbo atapona, akiugua kifua atapona, ila kichwa ndiyo kwaheri. Aliyasema hayo kwa huzuni ya kupendeza.

Jirani mmoja aliuliza kwa nini mgonjwa hapelekwi hospitali.

"Tusimtese, jamani," Munira alijibu. "Safari, na kichwa hiki?"

Korogwe mjini si mbali, na magari yapo asubuhi hadi jioni. Lakini walichokifuata hakikuwa hospitali. Kilikuwa nyuma ya nyumba: shamba la mahindi alilomwachia marehemu mumewe, ambalo walikuwa wamejaribu kumnyang'anya kwa wazee, kwa mwenyekiti na kwa maneno, wakashindwa. Mwaka huu mvua ilizidi, magugu yakapanda hadi kiunoni, mahindi yakaanza kuwa manjano. Mwaija hakuwa na mtu wa kumsaidia wala uwezo wa kuweka vibarua. Yakikaa vile vile asingevuna hata debe, na njaa ingemmaliza kabla ya ugonjwa wowote.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "mkishanizika, mtavuna nini kwenye majani yale?"

Swali hilo liliwachoma. Katika ukoo wao, aliyelipalilia shamba ndiye mwenye neno siku ya mirathi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawakungoja kupewa. Alfajiri Awadhi alikuwa shambani. Munira alipoona kaka yake ameanzia upande wenye rutuba, naye akakimbilia jembe, asije akaachiwa kichuguu. Wakashindana. Walipalilia, wakang'oa visiki, wakaziba hata ua uliokuwa ukipitisha mbuzi. Mikono iliyozoea vikombe vya kahawa ikatoka malengelenge.

Kila jioni walirudi kuchungulia chumbani. Mwaija alikuwa ameshameza dawa zake, amekula ugali, amelala.

"Bado?" Munira alinong'ona.

"Bado anapumua," Awadhi alijibu, kama anayelalamikia basi lililochelewa.

Mwaija aliwasikia vizuri, maana masikio yake hayakuwa na neno. Aliwasikia wakigombea godoro alilolilalia. Fisi humfuata mtu akitumaini mkono utadondoka. Hawa walimtaka mtu mzima mzima, na walikuwa ndugu. Aligeukia ukutani akalia, na kilio hicho kilikuwa cha kweli kabisa.

Palizi ilipokwisha, Awadhi alikaa kivulini kunoa makali ya maneno ya mirathi. Ndipo mgonjwa akatoka nje, akaota jua, akaomba chai ya maziwa. Kesho yake aliomba maandazi. Awadhi akasema alhamdulillahi kwa uso wa mtu aliyeibiwa baiskeli, na sanda ikarudi Mazinde kwenye begi lile lile.

Mwezi uliofuata Mwaija alikuwa kliniki, Korogwe mjini, kwenye benchi na wenzake. Muuguzi alianza na lile swali lake la kila mara.

"Nani anaumwa kichwa? Msinifiche. Kwa mtu mwenye virusi, kichwa kisichoisha kinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Inatibika, lakini kwa anayewahi. Ukikaa nacho nyumbani, unajiua."

Benchi zima lilitikisa kichwa kukataa.

"Mwaija?"

"Mimi sijaumwa kichwa tangu nianze dawa, dada."

Muuguzi akaridhika, akaingia ndani. Yusta, mwenzao wa kutoka Vugiri, akasogea karibu.

"Wamemaliza kupalilia?"

"Lote. Na ua wameziba."

"Basi kichwa changu kinaanza Jumatatu," alisema Yusta. "Paa linavuja, na mashemeji zangu wote ni mafundi."