Kiti cha Gwakisa

Kiti kitupu ni cha aliyesimama barabarani. Ndiyo sheria, na gari likimpita huzima lenyewe. Kwa hiyo madereva wa mlimani hununua kigari kilekile kinachovuta kwa magurudumu yote manne: kinapanda utelezi, na hakina nafasi ya mgeni. Tusekile na mumewe, Asajile, walikinunua hicho. Wao wawili na watoto wawili, kikajaa.

Homa ikamchukua Gwakisa, kifungua mimba wao. Baada ya matanga Asajile aliweka mfuko wa unga wa kilo ishirini na tano kwenye kiti chake, akauvika sweta la shule, akaufunga mkanda. Gari likauhesabu kuwa mtu.

Kwenye kona ya juu mama mmoja aliwanyanyulia mtoto wake.

“Tumejaa,” Asajile alisema, akakanyaga mafuta. Subilaga, binti yao, alikuwa amelaza kichwa kwenye lile sweta.

Ijumaa unga wa jikoni ukaisha. Tusekile alikwenda garini na kisu, akasimama pale mpaka maji ya ugali yakakaukia sufuriani.

Subilaga akamfuata. “Mama,” alisema, “mimi hata sina njaa.”