Mnyororo wa Nanga

Tangu binti yake anunue mashua, mama hakuwahi kuitaja hata kwa kuteleza ulimi. Bahari ilimchukua mumewe, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa dukani alidai amefuata misumari tu.

Binti alikuwa ameshachagua mnyororo wa nanga, mwembamba, unang'aa.

"Huo kavae shingoni," mama alisema.

Akauburuta mwingine mnene kutoka pembeni, akaupitisha vidoleni pete moja moja kama anayechambua mchele.

"Mzito huo, mama! Kuuvuta nitakoma."

"Ukome. Mwepesi hunyanyuliwa na wimbi, nanga ikang'oka. Huu hulala chini ukatulia."

Alijifuta grisi mikononi taratibu, bila kumtazama.

"Hiyo mashua yako, ina pa kukaa mtu wa pili?"