Dole la Kutu

Jumatatu asubuhi, alama ya dole gumba la mtu ilikuwa imeota kutu juu ya bomba la risasi.

Norbert aliliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha la karakana ya bunduki. Ni lile bomba jembamba linalokaa chini ya mtutu wa bunduki ya kuwindia, risasi zikijipanga foleni ndani yake. Mwenye bunduki, mwindaji wa bata, aliliachia chumvi ya baharini mpaka likachakaa. Norbert alilinyoosha palipobonyea, akalipiga msasa likang'aa, akalichovya kwenye dawa ya kutia rangi chuma likatoka na ule weusi wenye ubluu unaomfanya bosi wake Mswidi, mtu asiyesifu hata jua likiwaka, atikise kichwa kwa kuridhika. Ijumaa Norbert alitoka mapema kwenda kwa daktari wa meno, akamwachia msaidizi wake Roméo kazi moja tu: kulipaka mafuta.

Na sasa dole. Jembamba, limeinama kidogo kushoto, la kahawia katikati ya urembo wote ule.

Yeye na Roméo huvaa glavu. Viganja vya bosi ni vikavu kama mbao. Na si kila jasho linatia chuma kutu kwa muda wa wikendi. Katika kazi hii, watu wenye jasho la namna hiyo hawasogezwi karibu na meza. Stockholm nzima, Norbert alimjua mmoja tu. Alikuwa amemwoa.

Madeleine alishatia kutu mikasi, sindano za cherehani na kila saa ya mkononi aliyowahi kununuliwa. Nyumbani kwao Hagsätra walikuwa wakilicheka jambo hilo. Asubuhi ile halikuchekesha.

"Roméo, nani alipita hapa Ijumaa?"

"Hakuna, Papa Nicole."

Alijibu haraka mno. Kijana wa Bujumbura huyu, bado mgeni, Kiswidi chake kinaanza na salamu na kuishia na asante, lakini shati lake limenyooka kwa pasi hata ndani ya ovaroli. Madeleine alikuwa amelisifu lile shati kanisani mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya ndoa. Saa ya kula, Roméo akatoa sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, kwenye kopo la aiskrimu lenye mfuniko ulioungua pembeni. Norbert aliujua ule mfuniko. Yeye ndiye aliyeuunguza.

Mchana ule alipiga msasa mpaka glavu zikatoboka.

Jioni alimkuta mkewe jikoni. "Mama Nicole, Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Kwaya, Rågsved. Yule daktari alikudunga sindano ya ganzi mdomoni au kichwani?"

"Na sombe yetu ilikwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Nilidhani umeimaliza wewe."

Norbert alitoa mfukoni kipande cha bomba bovu, kimechovywa vilevile, kimepanguswa mafuta yote. "Nishikie hapa."

Madeleine alilitazama bomba, kisha akamtazama mumewe. Aliijua hali hii kama mtu anavyoijua njia ya kwenda sokoni. "Mwaka jana ulimwonea wivu mchungaji. Mwaka huu ni zamu ya bomba." Akaligandamiza dole gumba kwa nguvu zote. "Haya, chukua. Na la mguu unalitaka?"

Kwenye kochi, binti yao Nicole alicheka bila kuinua macho kwenye simu. "Lägg av, pappa." Acha hizo, baba. Nicole alifanya kazi duka la dawa, mtu mzima kabisa, lakini kumpata aseme Kiswahili ilikuwa kazi. Hata bibi yake akipiga simu kutoka Bukavu, anajibiwa Kiswidi.

Bomba likawekwa juu ya friji. Norbert akalala vibaya. Alishapanga atakachomwambia mchungaji, nani atabaki na nyumba na nani ataondoka na televisheni. Kuhusu televisheni hakuwa tayari kulegea.

Alhamisi kutu ikajitokeza. Dole la Madeleine lilikuwa pana, na katikati limekatwa na mstari: kovu la kisu cha mihogo. Norbert alilipeleka bomba karakana mbiombio, akayalaza mabomba mawili pamoja. Lile la bunduki halikuwa na kovu lolote.

Aliimba nyimbo za kanisa mpaka bosi akafunga mlango wa ofisi. La kopo la aiskrimu hakulikumbuka tena. Mtu mwenye furaha hasumbuki na makopo. Kabla ya jioni alikuwa amemkaribisha Roméo chakula cha Jumapili.

Roméo alikuja na lile shati. Norbert akasimulia mwenyewe, bomba mkononi, jinsi wivu ulivyomfanya mpelelezi. Madeleine alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Roméo naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

"Pole, Papa Nicole."

"Nani atanitolea hiki chuma mezani?" Madeleine aliuliza, sahani ya fufu mikononi. Nicole akakichukua, akakirudisha juu ya friji.

"Kula, kijana," Norbert alisema, akimwongezea mgeni nyama. "Jisikie nyumbani."

Siku mbili baadaye, akitafuta kahawa asubuhi, Norbert aliligusa lile bomba kwa kiwiko, likabingirika hadi kwenye mwanga. Kando ya kovu la Madeleine palikuwa na dole la pili. Jembamba, limeinama kidogo kushoto.

Alisimama nalo mbele ya mlango wa binti yake. Ndani, Nicole alikuwa kwenye simu, anacheka chinichini na kunong'ona, kwa Kiswahili.